Njia Iliyomzunguka Bibi

Juzi nilirudi kwetu ufukweni, ukitoka Mwaya kabla hujafika Matema, na nusura nigombane na kijana ambaye hakunikosea lolote. Tulikuwa tunashuka pamoja kwenye njia ya kwenda ziwani. Inakwenda imenyooka vizuri, halafu ghafla inapinda kushoto, inaingia migombani, inazunguka, na kuja kutokea pale pale mbele. Nikamwuliza kwa nini watu hawakati moja kwa moja. Akanijibu kwa adabu zake zote, "Bibi, wazee wanasema zamani pale palikuwa na kinamasi." Kinamasi! Rafiki yangu, hapakuwa na kinamasi pale hata siku moja. Palikuwa na nyumba ya bibi yangu.

Acha nikusimulie, maana nikikaa nalo peke yangu linanichoma.

Siku zile Mdachi, yaani Mjerumani, ndiye mwenye nchi, nami nilikuwa binti mdogo wa kuchota maji na kufukuza ndege shambani. Kijiji chetu kilikuwa na kituo kidogo cha misheni: kanisa la mianzi na udongo, mchungaji mmoja mzungu, mwalimu mmoja wa kwetu, na nyumba chache za Wakristo zilizojibana pamoja kama kuku wanaonyeshewa. Tuliamka na kishindo cha mawimbi na harufu ya dagaa wa usipa walioanikwa mchangani. Baba alikuwa mpagazi wa misheni, nusu ya mwaka yuko milimani, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na mama, na katika nyumba ya pili, ua huo huo, bibi, mama yake mama.

Bibi alikuwa Mkisi, na kama wanawake wengi wa Kikisi alifinyanga. Kazi yangu ilikuwa kuokota vijiwe kwenye udongo, na nilikuwa mvivu kweli kweli. Aliuketisha udongo juu ya kigae, akawa anakizungusha polepole kwa mkono mmoja na kuukweza kwa mwingine, huku akiimba nyimbo za kanisani na kukosea maneno makusudi ili nimsahihishe. Vyungu vikichomwa kwa nyasi kavu, ua mzima ulinuka moshi, na mtumbwi ukavipeleka Mwaya kubadilishwa na mahindi na maharage. Jioni jua likiwa bado lipo mama alipika ndizi na maharage, tukala watatu bakuli moja. Bibi alipenda kunisukumia samaki upande wangu kwa kidole, akijifanya hajafanya kitu. Sijawahi kula vizuri namna ile tena, na nimekula sehemu nyingi.

Basi akafa kaka yake bibi, mtu wa ng'ambo ya kilima, ambaye hakubatizwa. Bibi akaenda kuzika. Na kule akafanya anachofanya dada: akajifunga mishipi ya nguo kuukuu kiunoni, akalia kwa sauti, akaingia katika ngoma ya maziko pamoja na wanawake wenzake, akala nyama ya msiba. Misheni ilikuwa imekataza ngoma ile. Mwalimu alipata habari kabla bibi hajarudi, akampelekea mchungaji. Mchungaji akatamka kwamba bibi ametengwa mpaka atubu, kisha akafunga mizigo yake akaenda zake milimani kwenye vituo vingine, akatuachia neno lile bila kulieleza.

Sasa hapo ndipo hasira zinaponipanda. Ametengwa maana yake nini? Hapakuwa na aliyewahi kutengwa pale kabla yake. Wazee wa kanisa wakakaa, wakajadiliana, wakatafuta katika maisha yao kitu kinachofanana na hicho, na walichokipata ni mwiko wa mkwe. Kwetu mke hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia migombani, anajifunika uso, hali katika chombo alichotumia yeye kula, hatamki jina lake wala neno linalofanana nalo. Mwiko huo huo mchungaji alikuwa anaukemea madhabahuni mpaka mishipa inamtoka shingoni, anasema mke wa Kikristo amsalimie mkwewe kama baba yake mzazi. Wanawake wetu walikuwa ndiyo kwanza wameanza kuuacha, wakitetemeka. Wazee wakauokota palepale ulipotupwa, wakampangia bibi yangu!

Yaani ungecheka kama usingekuwa mjukuu wake. Wanaume wazima wenye ndevu walikuwa wakifika karibu na ua wa bibi wanajitupa migombani wamejifunika shuka usoni, wanajikwaa kwenye mashina. Jina lake la ubatizo lilikuwa la mwanamke wa kwenye Biblia. Mwalimu akilifikia katika somo anakohoa, halafu anaruka mstari. Wanawake waliacha kumpa ndaga, ile salamu ambayo kwetu hata mgeni hanyimwi. Lakini vyungu vyake hawakuvitupa. Katika kila nyumba ya Kikristo maharage yaliendelea kuchemka ndani ya kazi ya mikono yake. Mikono ndiyo iliyokuwa najisi, chungu hapana.

Bibi mwenyewe aligoma kutubu. Alimwambia mwalimu kwa sauti, kutoka uani, maana mwalimu hakutaka kusogea: "Nitubu nini, mwalimu? Kumlilia mtoto wa mama yangu? Wewe si ndiye uliyetufundisha kwamba Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake, watu wakimtazama?"

Mwalimu akajibu akiwa ameangalia mgomba, "Yesu hakucheza ngoma, mama."

"Hakucheza kwa sababu alimfufua. Mimi wa kwangu nimemwacha shimoni."

Alichokuwa nacho mwalimu ni mamlaka, na Jumapili iliyofuata akayatumia. Akatangaza kwamba atakayekula na aliyetengwa, naye ametengwa, na watoto wake hawatabatizwa wala kusoma shuleni. Alimaanisha mama, kila mtu alijua. Mama alikaa pale kwenye mkeka ameshika tama, nami ubavuni kwake. Alikuwa ameniahidi shule tangu sijajua kutambaa. Jioni ile alipakua mabakuli mawili. Moja akanipa nimpelekee bibi, kwa kuwa mtoto hakuhesabiwa mtu, na yeye akala ndani, mlango umefungwa. Nyumba mbili, ua mmoja, mama na mwanawe, kila mmoja anatafuna peke yake. Na hilo liliitwa kumfuata Yesu.

Mchungaji alirudi baada ya mavuno. Alipoona waumini wake wanajitumbukiza migombani alidhani kuna nyoka njiani. Mwalimu akamweleza kwa fahari yote, akataja na andiko: asiyelisikiliza kanisa awe kwenu kama mtoza ushuru. Bibi alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono ina udongo.

"Sawa," akasema. "Nifanyieni kama mtoza ushuru. Karani wa kodi akija kutoka boma si mnamtandikia mkeka mpya? Si mnamchinjia jogoo? Mimi jogoo wangu yuko wapi?"

Watu wakacheka, wengine wakiwa bado wamejifunika. Mchungaji uso ulimwiva. Nami nikadhani, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba yamekwisha. Maana hata mtoto aliyajua yale masomo: Yesu aliingia kwa watoza ushuru, akala nao, na wakubwa wa dini wakanuna. Angalau mchungaji aliwaambia watu waache upuuzi wa migombani na wamsalimie bibi. Lakini kwenye Meza ya Bwana, akasema, hapana, ngoma ni ngoma; mpaka atubu. Na suala la kula naye nyumbani? Akasema atalifikiria. Atalifikiria! Mtu mwenye kitabu kizima cha habari za Yesu akila na watu, akaomba muda wa kufikiri.

Hakuupata muda huo. Vita vilikuwa vimeshapamba moto, Waingereza wakavuka mto Songwe, na mchungaji wetu akachukuliwa pamoja na Wadachi wenzake. Alilia wakati wa kuaga, sisi pia tulilia, sitaki kumnyima haki yake. Mama alimfuata mwalimu siku hiyo hiyo akamwomba amfungulie bibi, kwani sasa yeye ndiye mkubwa wa kituo. Mwalimu akasema hana uwezo. Aliyemfunga ni mchungaji, na mchungaji ndiye wa kumfungua. Mama akauliza, "Na asiporudi?" Mwalimu akasema tuombe.

Hakurudi. Watu nao, kwa kuwa amri ya kumsalimia bibi iliondoka na mwenyewe, wakarudi migombani, mpaka miguu yao ikachora njia.

Bibi akaanza kukohoa katika masika. Siku moja mchana, mvua imepumzika, mama akapakua bakuli moja tu, ndizi na samaki, akalibeba mwenyewe akapita uani kichwa juu, watu wote wakiona. Mimi nilimfuata mbio. Akaketi mbele ya bibi, akanawa, akamega.

"Mama, tule."

Bibi akavuta nguo yake akajifunika uso. Akageuka akampa mgongo, vilevile kama walivyomfanyia wao.

"Ondoka, mwanangu. Watakutenga. Mtoto atakosa shule."

"Acha wanitenge."

"Sitaki!" Sauti yake ilipasuka. "Mimi mmoja natosha."

Mama alimzunguka akaketi upande wa pili. Bibi akageuka tena. Mwishowe mama alikula nusu ya bakuli peke yake, machozi yanadondokea chakula, akaacha nusu iliyobaki, tukatoka. Tuliporudi kuchukua bakuli lilikuwa tupu. Hivyo ndivyo walivyokula tangu siku hiyo, chombo kimoja, mmoja baada ya mwingine, hadi bibi akafa. Hakuwahi tena kumwonyesha mama uso wake wakati wa kula.

Leo hakuna anayefinyanga pale. Kanisa la mianzi lilishaanguka, wazee wote wamekufa, na nyumba ya bibi ni magugu. Nilisoma shule, ndiyo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuapa kwamba wale wawili walikula pamoja, mpaka nikawa mwalimu, na nimewahi kuulizwa mara nyingi na vijana wa kanisani kama ni halali kumtenga mtu. Huwa nawajibu kwa ukali, na wanadhani ni uzee. Siku ya kuwakumbuka waumini wa kwanza husomwa majina, na la bibi yangu limo, la pili kutoka juu, watu wanaitika amina kwa sauti kubwa. Mtu wa kumfungua hajatokea bado. Basi kama kwa kanuni zao bibi bado yuko nje, Yesu namjua mimi, yuko huko huko nje, amemzunguka akaketi upande wa pili, anamwomba wale pamoja.