Ngozi Iliyobaki Mfukoni

Nimeshasimulia mengi ya miaka ile ya vita, ya kukimbia na ya kulala chini ya kitanda, lakini hili la kushonwa na mashine yangu mwenyewe mbele ya mtaa mzima nimekuwa nikiliruka, maana hata sasa nikilikumbuka masikio yanawaka moto. Leo nalisema. Na nianze kwa kusema kwamba kosa lilikuwa langu, si la mashine wala la aliyeniuzia.

Wakati ule nilikuwa nashona mikoba na mikanda ya ngozi kwenye baraza ya nyumba yetu, mtaa wa Cibitoke, kwa sindano ya mkono. Ekonome wa shule moja ya bweni (yule anayenunua kila kitu cha shule, kuanzia maharage mpaka chaki) alipenda kazi yangu, akasema shule inataka mikoba kwa wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa ile ya kutoka nje ilikuwa haifiki tena kwa sababu ya embargo, nchi jirani zilikuwa zimetufungia biashara. Sharti lake lilikuwa moja tu: niwe na mashine, kwa sababu kwa mkono ningemaliza wanafunzi wakiwa wameshaoa. Aliahidi kuja Jumamosi kuiona. Kazi ile ingenitoa barazani na kunitia kwenye karakana yenye mlango, na mimi mlango niliutamani kuliko kitu chochote.

Mashine za kuchagua zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya Muzee Shabani wa mtaa wa Buyenzi, fundi aliyenifundisha kazi. Ilikuwa nyeusi, nzito, imebanduka rangi, lakini mguu wake ulipiga hatua pamoja na sindano ukaivuta ngozi, hata ngozi tatu zilizobebana, na umeme ukikatika unaizungusha kwa mkono, kazi inaendelea. Macho yalikuwa yanamwishia muzee, alikuwa anahamia kwa binti yake Uvira, ng'ambo ya mpaka, na alitaka mashine ibaki kwangu.

"Kuna mutu wa Uvira anaitaka," aliniambia, "lakini mi nakungoja we kwanza. Ukikataa, sema. Usininyamazie tu."

Nikamwambia kesho nitaleta jibu.

Ya pili ilikuwa katika duka moja katikati ya mji, mpya, nyeupe, bado imevaa plastiki, na juu yake taa ndogo kama ya daktari wa meno. Mke wangu nilipomwelezea habari za ile taa alitikisa kichwa. "Papa Jeanine," akasema, "ile ya muzee unaijua mupaka tumboni. Hii unajua nini yake? Rangi?"

Sasa, muzee alikuwa amenifundisha sheria moja: usinunue mashine kabla hujaishonea ngozi yako mwenyewe. Kwa hiyo siku niliyokwenda dukani nilitia mfukoni kipande cha ngozi ya ng'ombe, nene, na yenye harufu (sikatai). Muuzaji akaweka kitambaa, mashine ikakimbia, mshono umenyooka kama barabara ya uwanja wa ndege. Akaniuliza, "Patron, kuna kitu ingine unataka kujaribisha?" Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeishika ngozi. Lakini nyuma yangu alisimama mama mmoja aliyejipaka manukato mazuri, na sakafu ilikuwa inang'aa, na mimi nilikuwa nimevaa suruali yangu ya Jumapili ili nionekane patron, bosi kweli, nikaona haya kutoa kitu kinachonuka.

"Apana," nikasema. "Nimeona."

Yote yaliyofuata yalitoka katika neno hilo.

Kwa muzee sikwenda, nilimtumia salamu tu kwamba aje Jumamosi, kuna sherehe. Maana kwetu kitu kipya hakianzi kazi hivihivi, lazima tukiarose: unanunua bia na fanta, watu wanakaa, mmoja anatoa hotuba, mwingine anajibu hotuba. Tulianza saa nane mchana ili kila mtu awahi kurudi kwake kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Nilivaa suruali ileile ya dukani, na tai niliyoazima kwa jirani yangu Sylvestre, ambaye ndiye aliyetoa hotuba na kuniita fundi wa kisasa.

Muzee Shabani alifika akiwa ameshika kikopo kidogo. Ndani mlikuwa na sindano za mashine yake, zawadi yangu, kwani alidhani tunaiarose ya kwake kabla ya kwenda kuichukua (na kwa ajili ya salamu zangu, jana yake alikuwa amemrudisha yule mtu wa Uvira mikono mitupu). Akaipapasa ile nyeupe kwa vidole, polepole, kuanzia kichwani hadi mguuni.

"Hii si yangu," akasema, akaenda kukaa, kikopo magotini.

Hapo ningeweza kusimamisha sherehe. Badala yake nilikaa kwenye mashine.

Ekonome akanipa mkoba wake mwenyewe, mkanda umechomoka. "Anza na huu," akasema, "nione."

Nikakanyaga. Ile mashine ilikuwa ya nguo, na haikujua polepole. Ikapiga kelele, ngozi haikusogea, sindano ikavunjika. Nikaweka nyingine, ikavunjika. Jasho linatiririka, nikatafuta sehemu laini ya kifuniko cha ule mkoba, nikainama nione vizuri, nikakanyaga tena, na safari hii ikashona, ikashona vizuri sana, kwa sababu ilikuwa imepata kitambaa: tai. Ilinivuta mpaka pua ikafika karibu na ile taa, kisha sindano ikakwama kwenye ngozi, na umeme ukakatika.

Halafu mama mmoja akasema, "Imana weee, Mungu wangu, imemushona!"

"Papa Jeanine," Sylvestre akauliza, "uko unasali?"

Mtaa wote ulicheka. Nikajaribu kujinasua, mke wangu akapiga kelele, "Usivute! Kravate si yako!" nao wakacheka upya.

Aliyekuja kunifungua ni muzee. Aliomba mkasi, akatafuta tai kwa vidole, akaikata chini kidogo ya kidevu changu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Ulipofika mu duka, ngozi yako uliishonea?"

Nikaingiza mkono mfukoni. Ilikuwamo bado. Nikampa, akaipapasa huku na huku.

"Haina hata tundu moja," akasema, akanirudishia.

Ekonome aliondoka na mkoba wake, kipande cha tai ya Sylvestre kinaning'inia, na kazi ya mikoba akampa fundi mwingine. Jumatatu nilikimbia Buyenzi kumwomba muzee radhi na kumwomba mashine. Radhi alinipa. Mashine ilikuwa imeshavuka mpaka wa Gatumba Jumapili na yule mtu wa Uvira, pamoja na kikopo.

Ile nyeupe nilishonea mashuka na sare za shule kwa miaka mingi, kwenye baraza ileile. Ni mashine nzuri. Ngozi sikuirudia.

Kile kipande ninacho mpaka leo, na nimeapa kwamba sitaona haya tena kukitoa mbele ya mtu yeyote, hata awe na manukato gani. Mke wangu hanisaidii kusahau. Nikitoka hata kwenda kununua mchele, yeye akiwa jikoni utamsikia: "Papa Jeanine, umebeba ngozi?"

Nagusa mfuko, najibu ndiyo.