Binti ya Baba Mudogo na Neno la Padiri

Kuna neno moja la Kiitaliano sipendi kulisikia, mais leo nitalisema: cugina.

Vita vilipoingia nilikuwa ninapikia padiri mumoja Mwitaliano pale Beni. Mimi nasonga bugali, yeye ananifundisha maneno ya kwao. Sorella ni ndugu musichana wa tumbo moja. Cugina ni binti ya baba mudogo ao ya shangazi. Nilicheka mpaka nikaweka mwiko chini. “Padiri, huyo si ndugu tu? Sisi Banande hatuna mutu wa namna hiyo!” Akasema kwao wako, tena wengi.

Binti ya baba mudogo wangu alilelewa kwetu tangu anatambaa. Sahani moja, mukeka mumoja. Aliniita yaya, ni kusema dada mukubwa, nami nilimuita mudogo wangu, na alinifuata mpaka Beni kunisaidia kufua.

Siku mabomu yalisikika karibu, padiri alipakia watu kwenye gari aende nao Butembo. Kiwanja kilijaa, kila mutu anaomba nafasi. Alisema atabeba wafanyakazi na ndugu zao wa tumbo moja, basi. Mimi nilikuwa nimeshapakia mashine yangu ya kushona. Mudogo wangu akasimama mlangoni na kifurushi chake. Padiri akaniuliza kwa lugha yake, watu wasielewe: “Sorella?”

Nilijua vizuri: nikikubali, mashine itashuka ili yeye apate nafasi.

Nikasema: “Cugina.”

“Brava,” padiri akanisifu, maana sikukosea. Akafunga mlango. Mudogo wangu hakuelewa kitu, akanipungia mkono. Ee Mungu wangu, nami nikampungia! Njia nzima nilikumbatia mashine, sikuweza kumutazama mutu yeyote usoni.

Alifika kwetu Butembo siku ya tatu kwa miguu, nyayo zimepasuka. Mama akamuwekea maji ya moto na chumvi. Baba akanigeukia: “Wewe ulimuacha namna gani?” Mudogo wangu ndiye alijibu: “Baba, hapana kumugombeza. Gari ilijaa.”

Kisha akafungua kile kifurushi. Nguo zake hazikuwemo, alizitupa njiani kwa uzito. Akatoa kisanduku cha sindano na bobini za mashine yangu, kile nilichosahau jikoni kwa padiri.

“Yaya, uliacha hii. Sasa ungeshona na nini?”