Radhi kwa Jina la Mwingine

Ule wimbo wa mtu aliyechelewa kufika nyumbani, ambao maharusi wenu wote wanaingia nao ukumbini, ulitungwa na kaka yangu. Najua hamtaniamini. Kwenye jalada la santuri pameandikwa jina la kiongozi wa bendi, na kiongozi alikuwa na mdomo. Kaka alipiga gitaa la besi, na wenzake walimwita Bubu.

Ulianzia msibani. Bendi ilikuwa ziarani, mtoto wa pekee wa kaka na mkewe akashikwa na homa. Wifi alipiga simu hotelini, akaacha ujumbe. Kaka aliupata adhuhuri, akajidanganya kwamba homa ni homa tu, akapiga onyesho la siku hiyo na la kesho yake. Aliporudi, mtoto alikuwa ameshazikwa. Wifi hakupiga kelele wala hakuondoka. Alimpikia, akamfulia, ila akaacha kusema naye.

Asiyejua kusema huomba radhi anavyoweza. Mchana kaka alikuwa akija kwangu, anakaa kwenye benchi nami nipo kwenye cherehani, anauhangaikia wimbo wake. Miezi mitatu, mpaka nami nikaushika. Nikamwambia, "Si ukamwimbie mkeo yaishe?"

"Nitalia, dada. Bora ausikie redioni."

Kilichomponza ni desturi ya bendi yao. Kila wimbo, hata utungwe na nani, ulikwenda studio kwa jina la kiongozi, eti ili bendi ijulikane kwa jina moja. Na aliyejaza fomu za kusajili nyimbo kwa miaka kumi na moja ni kaka, maana ndiye mwenye mwandiko mzuri. Alipofika kwenye fomu ya wimbo wa mwanawe, mkono ukaenda ulikozoea. Nampenda kaka yangu, lakini bwege ni bwege.

Siku wimbo ulipotoka, alimwita wifi mbele ya redio. "Sikiliza. Huu nimekutungia wewe." Wifi akaweka pasi chini, akasikiliza hadi mwisho. Kisha mtangazaji akamuuliza kiongozi kisa cha wimbo, naye bila haya akajibu, "Kuna mrembo mmoja nilichelewa miadi yake, akaninunia wiki nzima!" Wakacheka, yeye na mtangazaji.

Kesho yake kaka alikwenda kumsihi aseme ukweli. Kiongozi akatoa fomu kwenye droo. "Mwandiko huu wa nani? Nikiukana wimbo huu, wataniuliza na zile nyingine. Tulia, Bubu."

Basi nikaenda mimi kwa wifi. Nikamwapia kwamba wimbo ni wa mumewe, kwamba niliusikia neno kwa neno kabla bendi haijaujua. Kaka alisimama nyuma yangu, ameinamisha kichwa.

"Huna haja ya kuapa, wifi," akanijibu. Kisha akamgeukia mumewe, akamsemesha kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Nilijua ni wako tangu mstari wa kwanza. Mwanangu alikufa, hukuwepo. Na kuniomba radhi nako umemwachia mwenzako."

Akarudi kwao siku hiyo hiyo, na sikuweza kumlaumu. Kaka hakuacha bendi, angekwenda wapi? Kila Jumamosi watu walidai wimbo urudiwe, naye akaupiga tena, kiongozi akiimba mbele.