Kuumwa kwa Kiingereza Kilichonyooka

Nasema kwa Kiswahili, na anayetaka kunivalisha diski aje anivalishe! Diski ni kipande cha mbao chenye kamba. Shuleni kwa binti yangu, hapa Voi, anayeteleza akaongea Kiswahili ama Kidawida huvaa shingoni mpaka amnase mwingine. Sisi pia kule Chawia nilikosomea tulivalishwa. Nilidhani watoto wetu wangeepuka. Wapi!

Binti yangu yuko gredi ya sita. Asubuhi moja tumbo lilimshika darasani, chini upande wa kulia. Shule ina sheria: ruhusa inaombwa kwa Kiingereza, tena kilichonyooka, la sivyo unarudi kukaa. Akasimama mbele ya mwalimu wake: "Teacher, I am having a stomach ache. I am wanting to go home." Siku hiyo walikuwa wakisoma hayo hayo, wakati uliopo, na mwalimu akaona amepata mfano. Akamwambia arudie. Mtoto akarudia vilevile, darasa likacheka. Akaambiwa akae afikirie. Akakaa kimya, jasho likimtoka, mpaka saa ya chakula akaanguka kutoka kwenye dawati.

Nilipigiwa simu nikiwa kwenye cherehani yangu sokoni, nikaacha gauni la mtu chini ya sindano. Hospitalini daktari alisema ni kidole tumbo, na kimeshapasuka. Walimfanyia upasuaji jioni hiyo.

Kesho yake nikaenda shule. Waliniwekea chai ofisini kwa mwalimu mkuu, sikuigusa. Mwalimu wake ni kijana mpole, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Angekuwa mkorofi ningejua la kumfanya. Akaanza kunieleza polepole, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi.

"Mama, kuna vitenzi vya kufanya jambo, kama kupika. Unapika sasa hivi, unasema I am cooking. Ni kawaida yako, unasema I cook. Halafu kuna vitenzi vya hali: kujua, kutaka, kupenda. Hivyo havitaki ile ing, hata kama ni sasa hivi. Ni I want, si I am wanting."

Nilielewa, mimi si mjinga. Kutaka si kazi ya mikono, ni kitu kimekukaa ndani. Sisi tunasema napika, tunasema nataka, yote sawa, na mtoto alibeba ya nyumbani akaipeleka kwenye Kiingereza. Kosa la kawaida kabisa. Mfundishe basi, nani amekukataza? Lakini mfundishe akishapona!

"Aliposema am wanting," nikamwuliza, "ulielewa anataka nini?"

"Nilielewa, mama."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akatazama kikombe chake. "Ni sheria ya shule, mama," akasema.

Nilipiga ile meza vikombe vikaruka. Sheria gani hiyo, unamsikia mtoto halafu unajifanya hujamsikia? Niliwaambia mengi, mengine siwezi kuyarudia hapa, na sijutii hata moja. Mpaka leo nikipita lango lile damu inanichemka.

Niliporudi wodini homa ilikuwa imempanda. Daktari alihofia kuna usaha ndani, na alitaka kujua kama itabidi ampasue tena. Akaanza kumbonyeza tumbo taratibu. "Mrembo, hapa panauma? Na hapa, panauma zaidi?" Alimwuliza kwa Kiswahili kabisa. Mtoto machozi yanamtiririka, mdomo kaufunga. Daktari akarudia swali, akangoja, akanigeukia mimi.

Nikainama. "Mwambie daktari, mama. Wapi panauma?"

Akanivuta shingo mpaka sikio langu likafika mdomoni pake.

"Mama, hapa Kiswahili wanaruhusu?"