Eda ya Mbeyu

Watu wa Mwabungo wamenichosha, na mimi ni mmoja wao. Miezi minne na siku kumi jirani yangu Mbeyu amekaa eda ya mumewe peke yake, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa haiishi wageni, na hakuna hata mmoja aliyempelekea kilo ya sukari.

Mumewe, Jaafar, alikuwa mpishi wa hoteli Diani. Mkono wake kwenye pilau ulijulikana hadi Tiwi. Harusi haikuwa harusi bila yeye kusimama kwenye sufuria. Kisha magaidi wakaua watu Nairobi, wazungu wakakatiza safari zao, hoteli ikafungwa, Jaafar akabaki kukaa barazani. Haukupita mwezi askari wakazoa wanaume msikitini, naye akiwemo. Alirudi baada ya siku tisa, sikio moja halisikii. Hapo ndipo akatokea mtu mwenye maneno matamu na ahadi ya kazi ng'ambo ya mpaka. Simtetei Jaafar. Aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, akamwachia mke watoto watatu, na huko alikokwenda hakwenda kupika pilau. Ningemwona ningemzaba kofi.

Lakini Mbeyu kosa lake nini? Miaka kumi askari walikuwa wakija kumuuliza mumewe yuko wapi. Mwaka huu akapigiwa simu na mtu asiyemjua: Jaafar amekufa leo asubuhi. Basi akavua bangili, akafuta wanja, akakaa eda kama mke yeyote wa Kiislamu. Askari wakaja tena.

"Mume wangu amefariki," akawaambia.

"Nani amekuambia?"

Wakachukua simu yake, wakamhoji kutwa nzima. Eti kumbe bado anawasiliana na magaidi! Akisema hajui aliko, mwongo. Akisema amekufa, gaidi. Sasa mtu ashike lipi?

Imamu akakataa kusoma khitma, asije akaambiwa anawaombea magaidi. Wanawake waliokula pilau ya Jaafar kwenye harusi zao wakawa wanapita njia ya nyuma. Nami nilikuwa nikimwambia "Pole, mwanangu" juu ya ua, upesi upesi, ndoo mkononi, ili nionekane napita tu.

Jana eda ilikwisha. Kwetu mjane hajitoi eda mwenyewe. Wanawake humwogesha, wakamvika nguo mpya, kahawa ikanywewa. Nilizunguka nyumba sita. Bi Twaiba goti linamuuma. Husna ana wageni. Mwingine alinijibu akiwa nyuma ya mlango, eti hayupo! Nikachoka na visingizio, nikaenda peke yangu na leso mpya na udi.

Nilimmwagia maji, mwili umemkakamaa kama gogo. Nilipokuwa nikimfunga leso akanishika mkono.

"Bi Esha, nakuomba jambo moja. Tangu afe hakuna mtu aliyeniambia. Niambie Mungu amrehemu, na umtaje kwa jina lake."

Neno lenyewe ni dogo. Tunawaombea hata wezi, hata walevi waliogongwa na magari barabarani wakiwa hawajijui.

"Nitasema, mwanangu," nikamjibu.

Nikainuka kwanza, nikafunga dirisha.