Sare Kwenye Beseni

Mume wangu alikuwa mwanajeshi, mtu wa kaskazini, na miaka ile ya utawala wa kijeshi sare yake ilitosha kufukuza watu barabarani. Asubuhi tulipoingia hospitalini, yeye amejishika kifua, foleni nzima ilijifanya imepona. Mama mmoja alimbeba mtoto wake mwenye homa akatokomea. Basi tukafika kwa daktari bila kungoja.

Daktari aliangalia mabega ya ile sare, uso hakuuangalia. "Ni gesi tu, afande. Utapona."

Gesi! Mtu ametota jasho baridi, maumivu yamepanda mpaka tayani na kushuka mkono wa kushoto, eti gesi! Nyumbani Kawempe nilikuwa nimeshamnywesha magadi mpaka nikachoka. Nikaelewa kwamba daktari anaogopa. Nani angethubutu kumpa mwanajeshi habari mbaya? Hasira zikanipanda. Nikamfungua vifungo mume wangu, nikamvua shati la jeshi, nikalikalia.

"Sasa hapa hakuna afande," nikasema. "Kuna baba wa watoto wangu. Mpime!"

Daktari akashusha pumzi. Akambandika nyaya za mashine kifuani, karatasi ikatoka na mistari yake. Safari hii alituangalia usoni. Mshipa unaolisha moyo umeziba, alisema, na kipande cha moyo kinakufa kwa kukosa damu. Akamchoma sindano ya maumivu, akamwekea oksijeni. Kisha akaninong'oneza kwamba dawa kubwa ni kulala. Akikimbizwa kabla moyo haujapona, atakufa.

Walipomruhusu kurudi nyumbani, bado alikuwa mtu wa kitandani. Haukupita muda, wenzake wakaja na gari. Kwao mgonjwa na mtoro ni kitu kimoja.

"Avae, twende gwaride."

Nikawaonyesha beseni. "Sare zake zote ziko kwenye maji. Mnataka mkubwa wenu amuone gwarideni na kikoi?"

Wakatazamana. Hapo wote walijua ni nani angeadhibiwa: aliyemleta.

"Kesho tunarudi, mama."

"Karibuni sana."

Nikasimama mlangoni mpaka gari lao likaondoka. Wangenipita mimi kwanza! Kesho yake nikaziloweka tena, safi vilevile zilivyokuwa. Nikaziloweka kila asubuhi mpaka zikapauka, mpaka siku mume wangu alipotembea mwenyewe, polepole, hadi sokoni Kalerwe kuninunulia sabuni.