Usimjibu “Shwari” Mama Filimbi

Tulimalize hili mapema: mjinga wa siku ile alikuwa mwandishi wa makala haya. Bendera nyekundu aliiona. Akadhani ni pambo.

Saa tatu asubuhi. Mvua iliyonyesha tangu alfajiri imekatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha chungu jikoni. Ufukwe wa hoteli ni mtupu. Viti vya kulalia vimefunikwa turubai, miavuli imefungwa kamba, na mchanga umechorwa vijito vinavyokimbilia baharini. Kushoto mawimbi yanapasuka. Kulia mawimbi yanapasuka. Katikati, upana wa barabara moja, maji yametulia kama chai kwenye sahani.

Mwandishi, ambaye hujihesabu miongoni mwa watu wenye akili, anachagua katikati.

Maji yana uvuguvugu. Analala chali, anafumba macho, anajipongeza: chumba nusu bei, bahari nzima peke yake, simu ameiacha kitandani. Anapofumbua macho, hoteli imekuwa ndogo.

Filimbi inalia. Ufukweni, mwanamke mwenye fulana ya njano na boya jekundu begani anapaza sauti.

“Wewe! Chumba namba ngapi?”

Mwandishi anadhani anadaiwa soda ya jana. Anainua mkono ajibu kiungwana, anameza maji ya chumvi.

“Chumba! Namba ngapi?”

Anaitafuta hiyo namba. Amelala nyuma yake siku mbili, imebandikwa mlangoni kwa shaba. Haipo kichwani. Linalopatikana ni neno moja tu, la kujikaza kiume.

“Shwari!”

Mwanamke haulizi tena. Anaingia majini mbio.

“Usishindane nayo!” anasema akifika, akimsukumia boya kifuani. “Kumbatia hili. Funga mdomo, maneno utayasema nchi kavu.” Hamrudishi moja kwa moja. Anamvuta pembeni, sambamba na ufukwe, hadi kwenye mawimbi yaleyale yaliyokuwa yakitisha. Mawimbi yanawabeba na kuwatupa mchangani kama magunia.

“Ishirini na saba,” mwandishi anasema akimaliza kutapika.

“Sasa ndiyo unaikumbuka,” anajibu mwanamke, akikamua pindo la fulana. “Karibu tena duniani, Ishirini na Saba.”

Hotelini wanamwita Mama Filimbi. Jina lililo kwenye kitambulisho chake, anasema, ni la kutumiwa na benki na daktari. Ana miaka arobaini na mitatu, mabega ya mbeba saruji, na sauti iliyokwaruzwa na upepo. Mumewe ni fundi baiskeli. Alianza kazi hapa kama mhudumu wa vyumba, na siku moja, miaka tisa iliyopita, alimwacha mgeni akilalamikia mto wa kitanda, akakimbia kumtoa mtu majini wakati mlinzi wa ufukwe akiwa anakula. Mlinzi alirudi na mfupa mkononi akakuta kazi si yake tena.

“Wewe ni wa thelathini na nane,” anasema. “Thelathini na mmoja kati yenu mmekuja msimu wa mvua, na wote mliingia palipotulia. Hakuna hata mmoja niliyemtoa kwenye mawimbi. Mawimbi mnayaogopa. Mwenye kelele hana neno, kaka yangu. Mnachokiamini ni kimya, na kimya ndicho kinachowabeba.”

Pale palipotulia yeye hupaita mlangoni. Maji yanayoletwa na mawimbi lazima yapate pa kutokea. Mvua zikikolea, kijito kilicho ubavuni mwa hoteli hufurika na kuchimba mchanga wa chini, na maji yote hukimbilia kwenye mfereji huo kurudi baharini. Juu hakuna wimbi linalopasuka, kwa hiyo panaonekana pa kulea mtoto. Chini ni mto.

Tatizo ni kwamba mlango huo huhama. Mvua moja kubwa inatosha kuusogeza hatua mia. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka, Mama Filimbi hurusha majini makumbi matano ya nazi, kila moja mahali pake, kisha husimama na kuyatazama yanakoelekea. Asubuhi ile mawili yalirudi mchangani. Matatu yalitoka nje bila kuaga. Akapandisha nyekundu.

Saa nne meneja akashuka ufukweni, kijana nadhifu mwenye mwavuli na viatu visivyojua mchanga. Alimtazama mwandishi aliyejifunika taulo, midomo ikimtetemeka.

“Mgeni wetu, ulikuwa unaogelea tu, si ndiyo? Ukachoka kidogo?”

“Alikuwa anasafiri,” Mama Filimbi akajibu kwa niaba yake. “Nimemshusha njiani.”

Meneja hakucheka. Si mtu mbaya. Hoteli ina vyumba sitini, na siku hiyo ilikuwa na wageni kumi na mmoja. Mwenye hoteli humpigia simu kila asubuhi kuuliza idadi, kisha hukaa kimya kwenye simu muda mrefu.

“Mama, saa nane basi linaingia,” alisema. “Watu arobaini, wa kampuni ya bima. Wameahidiwa michezo ya majini na picha ya pamoja wakiwa ndani ya maji. Ndilo kundi pekee tulilopata mvua hizi. Nataka kuona bendera ya njano, waruhusiwe kuingia.”

“Na makumbi yangu yakikataa?”

“Makumbi hayajaajiriwa hapa. Saa nane ikikuta nyekundu, filimbi uiache mapokezi. Kesho utaanza kazi kwa dobi.”

Akaondoka, akirukaruka vijito kama anavyovuka mtu mwenye soksi nyeupe.

Mkataba wa Mama Filimbi huandikwa upya kila msimu. Wakati wa mvua zaidi ya nusu ya wafanyakazi hurudishwa makwao kungoja jua, na wanaobaki hupokea nusu mshahara kwa kazi mbili. Yeye hulinda ufukwe na kuzoa mwani kwa reki. Kwa dobi mshahara ni uleule, tena kuna paa.

“Kufua si aibu,” alisema, macho yake yakiwa baharini. Muda wote wa mazungumzo hakumtazama mwandishi hata mara tatu. “Tena shuka haizami. Lakini huku atabaki nani? Reki?”

Hadi saa nane zilibaki saa nne.

Hoteli yenyewe, mtu akiitazama kutoka barazani, haikuwa na habari. Mvua ilirudi, nyepesi, ikipiga paa kama mtu anayepepeta mchele. Magodoro yalinuka unyevunyevu, mhudumu wa baa alikuwa akifuta glasi zilizokwisha kufutwa, na wenzi wa chumba namba tisa, mwalimu mstaafu na mkewe, walikuwa wakicheza karata. Huu ni mwaka wao wa tatu kuja wakati wa mvua.

“Nyumbani ikinyesha nafikiria paa,” alieleza mwalimu. “Hapa paa si langu. Nalala.”

“Analala hata kwenye zamu yake ya kucheza,” mkewe aliongeza, akichomeka karata chini ya paja.

Mwandishi alimwuliza mwalimu kama wao huingia baharini. Mzee alimwonyesha kwa kidevu Mama Filimbi, aliyesimama chini ya mlingoti wa bendera. “Mimi nimefundisha miaka thelathini na minne. Namjua mwalimu mwenzangu nikimwona. Yule akisema kaa, nakaa.”

Mapumziko ya namna hiyo, ya kulala mchana na kuibiana karata, ndiyo yaliyoandikwa kwenye tangazo la hoteli. Tangazo halikusema kwamba kuna mtu anayasimamia akiwa amelowa tangu saa kumi na mbili.

Saa sita, chini ya turubai, Mama Filimbi alikula ugali wake akiwa amesimama. Mwandishi akauliza alichokuwa akitaka kuuliza tangu asubuhi. Kwa nini namba ya chumba?

Alitafuna polepole. Kisha akasimulia, bila kuyatoa macho majini.

Ilikuwa miaka saba iliyopita, msimu wake wa pili wa mvua. Baba wa watoto wawili, wa chumba namba kumi na sita, aliingia majini asubuhi kama hii. Mama Filimbi alimwona amesogea mbali kidogo, akamwuliza kama kila mtu anavyouliza: shwari, kaka?

“Akanijibu vizuri kabisa. Shwari, dada! Na kidole gumba juu. Upepo ulikuwa umeng’oa mwavuli, nikageuka kuufunga. Mwavuli mmoja tu. Nilipogeuka tena, bahari ilikuwa bahari.”

Mvua ikaongeza kasi juu ya turubai.

“Mkewe alikuja mbio na taulo mkononi. Aliniuliza kitu kimoja tu. Alisema nini? Nikamwambia, alisema shwari.”

Hakumalizia ugali wake. Aliufunika kwa kisahani.

“Sisi tumelelewa hivyo,” alisema baadaye. “Mgonjwa yuko hoi, hawezi kugeuka kitandani, ukimwuliza hujambo atakujibu sijambo. Mtu anazama, ukimwuliza hali atakupa salamu. Wanaume ndiyo kabisa. Wewe mwenyewe leo ulinisalimia.”

Mwandishi akauliza basi yeye akafanya nini.

“Nikaanza kuwauliza majina. Jina halifai, jina hutoka lenyewe hata usingizini. Namba ya chumba lazima uitafute. Anayeelea kwa raha zake ataitaja, tena atanitukana kwa kumsumbua. Anayezama hana nafasi ya kutafuta. Akininyima namba, naingia.”

Tangu siku hiyo neno shwari limepigwa marufuku kuanzia ngazi za baraza hadi majini. Mpishi mmoja aliwahi kulisahau, akashuka akisalimia kwa furaha. Alikimbizwa na reki hadi jikoni, na hadi leo akimwona Mama Filimbi husema “chumba namba mbili” badala ya habari za asubuhi.

Matumaini yake si makubwa. Kila Jumatatu ya msimu wa mvua, bwawa la kuogelea likiwa halina mtu, huwafundisha wahudumu wa vyumba kuelea. Sita wameshaweza, wa saba bado anashika ngazi kama mtoto anavyoshika kanga ya mama. Angependa apatikane mlinzi wa pili, “ili na mimi siku moja niumwe kwa raha.” Binti yake, mwenye miaka kumi na sita, anamzidi kuogelea lakini anataka kusomea hesabu. “Nimemwambia sawa, hesabu haina mlangoni.”

Na ana ombi moja ambalo amelipeleka mapokezi mara nne. Hataki ubao wa HATARI, kwa sababu watu huupiga picha ubao halafu wakaingia. Anataka kila ufunguo uning’iniziwe kibati chenye maneno: Ukiulizwa namba hii majini, itaje.

“Wananiambia kibati kitawatia wageni hofu,” alisema. “Kwani hofu ina ubaya gani? Mimi niko nayo miaka saba na bado nakula.”

Saa saba na nusu mvua ikakatika. Jua likatoka, na hapo ndipo mkono wa Mama Filimbi ulipoanza kucheza na uzi wa filimbi. Bahari ilikuwa nzuri. Alirusha kumbi moja pale katikati. Lilikaa kidogo, likageuka, likaanza safari. Akasogea na kusimama mbele ya mlango huo kama kipa.

Basi liliingia dakika kumi kabla ya saa nane, likiimba. Watu arobaini wenye fulana zinazofanana walimwagika ufukweni. Vijana watatu wakapiga mpira kuelekea majini, wakaufuata.

Filimbi ililia mara tatu. Vijana wakasimama, maji yakiwa vifundoni. Mpira haukusimama. Ulipita katikati, ukazidi kuwa mdogo, na hakuna aliyeimba tena.

“Dada, mpira wetu!” mmoja akalalamika.

“Huo haujakatiwa bima, mwanangu. Rudi nyuma.”

Meneja alikuwa ameshafika kwenye mlingoti, bendera ya njano imekunjwa kwapani. Saa yake ya mkononi aliinyoosha ili ionekane.

“Saa nane, mama.”

“Naiona, bosi.”

“Tulikubaliana.”

“Uliniambia. Hatukukubaliana.”

“Watu wamelipa! Wameahidiwa bahari!”

“Bahari si hiyo hapo? Waitazame.”

Meneja akafungua fundo la kamba mwenyewe. Bendera nyekundu ikashuka urefu wa mkono, ikaning’inia. Mhudumu wa baa aliacha kufuta glasi. Juu barazani, mwalimu mstaafu alikuwa amesimama, karata mkononi, na mkewe hakuchukua nafasi hiyo kuiba.

“Wewe unatutia aibu kwa sababu ya makumbi ya nazi,” meneja alisema, sauti ikimpanda. “Tazama pale katikati! Hata kiwimbi kimoja hakuna! Bahari iko shwari!”

Neno lilitua mchangani. Mpishi, aliyekuwa amechungulia dirishani, alijishika mdomo.

Picha ya pamoja unayoiona kwenye ukurasa huu ilipigwa nchi kavu. Wako watu arobaini, wote wamekauka, na bendera iliyo juu yao ni nyekundu. Mama Filimbi hakumnyang’anya meneja kamba, wala hakupaza sauti. Alilivua boya begani, akamnyooshea kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni kiti, kisha akasogea pembeni kumpisha njia ya kwenda majini.

“Haya, bosi, tangulia. Ukifika pale nitakuuliza namba ya chumba.”